Mtubu au Mchongezi? Msomaji Mbele ya Maungamo ya Wabeba Dawa za Kulevya, Kutoka Hong Kong Hadi Mpaka wa Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna msomaji wa Kiswahili anavyoyapokea maungamo ya watu waliowahi kubeba au kuuza dawa za kulevya, hasa pale ambapo muungamaji haishii kusema alichotenda bali anawataja pia aliotenda nao. Matini kuu ni barua za wafungwa wa Kitanzania wa Hong Kong zilizoanza kusambazwa mwaka 2013, zikilinganishwa na My Life in Crime cha John Kiriamiti. Makala yanadai kwamba uhakiki umeshughulika mno na toba ya msimulizi, ilhali msomaji anashughulika na majina. Mfano wa eneo la Kinyamaseke na Bwera, magharibi mwa Uganda, unatumika kuonyesha kwamba uzito wa kutaja jina hutegemea pia kumbukumbu ambazo lugha ya ungamo inazo mahali linaposomwa.

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mengi ya kumwita mtu anayesema ya wenzake, na karibu yote yana doa. Yuko mchongezi, mbea, msaliti na mzandiki. Yuko anayemchomea mwenzake utambi, na yuko anayemwaga mtama penye kuku wengi. Watunga sheria walipohitaji neno lisilo na doa walilazimika kuliunda, wakapata mtoa taarifa. Uganda ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa ya mwaka 2010. Tanzania ilitunga Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Kenya ilikuwa imetangulia kwa sheria ya kuwalinda mashahidi ya mwaka 2006. Hata hivyo neno hilo safi bado linaishi katika vitabu vya sheria na semina. Mtu wa kawaida akitaka kusema kwamba jirani yake amepeleka habari kituoni, haelekei kusema jirani ametoa taarifa. Atasema amemchoma, au amemuuza.

Maungamo ya mhalifu yanasimama katikati ya misamiati hiyo miwili. Kwa upande wa dola ni ushahidi, na kwa upande wa dini ni ushuhuda. Mtaani yanaweza kuwa uchongezi. Anayeyasoma hukutana na wito wa kila upande kabla hajafika ukurasa wa pili, na maoni anayoyatoa baada ya kusoma ni uamuzi kuhusu wito upi aufuate. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameugusa ulimwengu wa dawa za kulevya mara nyingi kupitia bunilizi. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kijana Dick anauzwa kwa mtu anayemgeuza kuwa mbebaji wa dawa, na baadaye anajinasua na kuanza biashara yake mwenyewe. Hadithi fupi ya "Mkubwa", iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba, inamweka muuzaji ndani ya siasa. Vitabu hivi viwili vimesomwa na maelfu ya wanafunzi wa Kenya. Lakini mhusika wa kubuni akimtaja mkubwa wake, hakuna anayeamshwa usiku. Katika maungamo ya kweli jina lina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana ndugu na marafiki.

Mapatano na mtu wa tatu

Philippe Lejeune aliueleza utanzu wa tawasifu mwaka 1975 kuwa ni mapatano: jina lililo jaladani, jina la msimulizi na jina la mhusika mkuu ni la mtu mmoja, naye msomaji anakubali kuyasoma maandishi kwa imani hiyo. Maelezo haya yanatosha kwa Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Wanaotajwa humo hawapotezi chochote kwa kutajwa, na mwandishi anajihukumu mwenyewe zaidi ya anavyowahukumu wengine. Hayatoshi kwa tawasifu ya mhalifu. Humo pana mtu wa tatu ambaye hakutia saini: yule aliyempa mwandishi mzigo, aliyemkatia tiketi, aliyempokea uwanja wa ndege wa pili. Mwandishi na msomaji wanapatana juu ya mtu ambaye hayupo mezani.

Hapa ndipo upeo wa matarajio, kwa maana aliyoipa Hans Robert Jauss, unapohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko kawaida. Msomaji wa Kiswahili hafiki kwenye ungamo la mbeba dawa akiwa mtupu. Amesikia ushuhuda wa kanisani, ambako aliyeokoka anataja dhambi zake kwa kirefu na wenzake kwa kifupi. Amesikia mawaidha ya msikitini yanayohimiza kumsitiri aliyekosa. Amesoma pia riwaya za upelelezi, za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, ambamo mpelelezi ni shujaa mwenye suti safi na anayejua siri zote ni mtu wa kupendwa. Neno "mpelelezi" lina harufu mbili kabisa: katika riwaya za Willy Gamba lina harufu ya manukato, na katika kizuizi cha barabarani lina harufu nyingine. Msomaji mmoja anaweza kuwa na pua zote mbili.

Hadithi isiyo na majina

Kabla ya kuzifikia barua, inafaa kusimama kwenye kitabu ambacho kimefundisha kizazi kizima cha Afrika Mashariki namna ya kumsoma mhalifu anayejieleza. My Life in Crime cha John Kiriamiti, kilichochapishwa mwaka 1984 katika mfululizo wa Spear Books, hakihusu dawa za kulevya bali unyang'anyi. Mwandishi alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971, na kitabu kilitoka katika maisha hayo ya gerezani. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini kimesimuliwa kwa Kiswahili katika mabweni, magereji na matatu kiasi kwamba wengi wanaokijua hawajawahi kukishika.

Maoni juu ya kitabu hicho yamekuwa ya namna mbili tangu mwanzo. Walimu na wazazi wamelalamika kwamba kinautukuza uhalifu: adhabu inaonekana fupi na ulaji mrefu. Vijana wamekipenda kwa sababu hiyohiyo, ingawa wakiulizwa watasema wanakipenda kwa mafunzo yake. Mabishano haya yote ni ya toba. Je, mwandishi amejuta? Amejuta vya kutosha? Kinachokosekana katika mabishano hayo ni swali la majina. Mhusika mkuu anatembea kwa jina la kazi, Jack Zollo, na wenzake nao wanatembea kwa majina ya aina hiyo. Msomaji anafurahia ukaribu wa ukweli bila kulazimika kuamua kama amfahamu mtu yeyote. Kitabu kinaungama bila kumchoma mtu. Huenda hiyo ni sababu kubwa ya kupendwa kwake kuliko ujasiri wa matukio, na ni ajabu kwamba wahakiki wameipita.

Kiriamiti mwenyewe anaonekana kuliona pengo. Mwaka 1989 alitoa My Life with a Criminal: Milly's Story, ambamo yaleyale yanasimuliwa na mwanamke aliyeishi na mhalifu. Kwa lugha ya mapatano, huyu ni mtu wa tatu anayekaribishwa mezani baada ya miaka mitano. Kwamba kalamu inayomwandikia ni ileile ya mhalifu ni jambo la kutiliwa shaka, na msomaji makini atahisi mara kwa mara kuwa Milly anasema yale ambayo Zollo angependa asemewe. Lakini swali limekwisha kuulizwa: nani ana haki ya kumwandika mtu ambaye hakukubali kuandikwa? Barua za Hong Kong zinalirudisha swali hilo bila pazia la riwaya.

Barua za Hong Kong

Mwaka 2013 Padre John Wotherspoon, Mwaustralia aliyekuwa akiwahudumia wafungwa katika magereza ya Hong Kong, alianza kuwahimiza wafungwa kutoka Afrika waandike barua kwa watu wa kwao wakieleza walivyofika pale walipo. Watanzania walikuwa wengi miongoni mwao. Barua zilisambazwa na baadhi zikafika katika vyombo vya habari vya Tanzania. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuzuia: kijana anayetaka kubeba mzigo asome kwanza maneno ya aliyetangulia.

Mambo yanayosimuliwa humo hayakuwa mageni kabisa kwa umma. Mtaani walikuwa wamekwisha kumwita mbebaji "punda", na mzigo wake "unga" au "sembe". Uzito wa barua uko katika mpangilio wake. Kwa kawaida anayeandika anaanza kama mtu anayeandika barua nyumbani, kwa salamu na kujitambulisha. Kisha sauti inabadilika ikawa ya maelezo ya polisi: nani alimfuata, aliahidiwa nini, alimeza kete akiwa wapi, alikamatwa vipi. Mwishoni inageuka mahubiri: ndugu zangu, msidanganyike. Tanzu tatu zimeshonwa pamoja katika kurasa chache, na mshono unaonekana. Mhakiki anayetafuta umbo laini atazikataa. Lakini mshono huo ndio ukweli wa hali ya mwandishi, kwani mfungwa anawaandikia kwa wakati mmoja mama yake, mpelelezi na kijana asiyemjua, na kila mmoja wao anahitaji lugha yake.

Mambo mawili ya nje ya matini yanaamua sehemu kubwa ya maoni ya wasomaji. La kwanza ni ukubwa wa adhabu. Miongozo ya mahakama za Hong Kong huweka kifungo cha kuanzia miaka 20 kwa anayepatikana na zaidi ya gramu 600 za heroini, kabla ya punguzo. Anayekiri mapema hupunguziwa theluthi. Tumbo la mtu mmoja linaweza kubeba kiasi kinachofikia viwango hivyo. Msomaji anayejua hesabu hii anasoma barua kama maneno ya mtu aliyezikwa akiwa hai, na huruma inatangulia hukumu. La pili ni rehani. Biashara ya unga kati ya Pakistani na Afrika Mashariki imejulikana kwa desturi ya kumwacha mtu kule kama dhamana mpaka mzigo ulipwe. Mtaani wanasema amewekwa bondi. Anayejua hilo haoni tena mbebaji na mtumaji kama wezi wawili waliogawana. Anaona kuna anayetumwa na anayetuma, na kuna wa tatu anayesubiri chumbani asijue kama atakombolewa.

Maoni yaliyotokeza hadharani nchini Tanzania yalikuwa na sehemu ya lawama isiyoepukika: alijua alichokuwa akikifanya, tamaa imemponza, asitusumbue sasa. Yalikuwa na huruma, hasa kwa wanawake na kwa walioacha watoto wadogo. Lakini maoni yaliyodumu kuliko hayo yalihusu mapapa na dagaa. Baadhi ya barua zilitaja majina ya watu wanaodaiwa kuwa watumaji, na nyingine zilizunguka bila kutaja. Zilizotaja zilizua swali la ukweli: mfungwa mwenye kisasi atashindwaje kumtupia jina adui yake? Zilizozunguka zilizua shutuma nzito zaidi: huyu bado anawalinda, basi toba yake ni ya nini? Kwa hiyo muungamaji hakuwa na njia ya kupita. Akitaja ni mchongezi. Asipotaja ni mnafiki.

Uhakiki uliozoea kupima toba hauna chombo cha kupimia hali hii. Toba hupimwa kwa sauti: unyenyekevu, machozi, kujilaumu. Msomaji wa barua hakuipima sauti. Alipima kama kuna jina, na kama lipo, ni la mtu wa ukubwa gani. Jina dogo lilimshushia mwandishi hadhi, kwani dagaa kumtaja dagaa mwenzake hakuonekani kama ujasiri. Jina kubwa lilimpandisha hadhi lakini likamwondolea uaminifu, maana msomaji alijiuliza mbebaji wa chini angemjuaje mtu wa ngazi ile. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini msomaji wa barua hizi alikuwa na shaka kama kata ilifika kweli kwenye sakafu ya mtungi. Shaka hiyo si ya kupuuzwa. Biashara yenyewe imepangwa ili mbebaji amjue aliyempa tiketi tu, na anayedai jina kubwa kutoka kwa mtu wa chini anadai kitu ambacho mfumo umehakikisha hanacho.

Kuna suala jingine ambalo msomaji wa nyumbani hakuliona vizuri. Kwa mfungwa, kutaja kunaweza kuwa na faida mahakamani, kwa sababu mfumo wa sheria wa Hong Kong unaruhusu mtu anayezisaidia mamlaka kupunguziwa kifungo. Majaji wa huko walilazimika kulijadili suala la barua zenyewe: je, ni msaada kwa mamlaka, au ni kazi njema tu ya mtu aliye gerezani? Mhakiki hana mamlaka ya kulijibu, lakini hawezi kusoma barua kana kwamba swali halipo. Barua inayoweza kupunguza miaka si barua ileile iliyoandikwa bila tumaini lolote, hata kama maneno yanafanana herufi kwa herufi. Hata hivyo wasomaji wanaolitumia jambo hili kuzitupa barua zote wanasahau kwamba ushuhuda wa kanisani nao una faida yake, na hakuna anayeutupa kwa hilo.

Majina yasiyo na hadithi

Februari 2017 kiu ya majina ilipata maji kutoka juu. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alisoma hadharani, kwa awamu, majina ya watu waliotakiwa kufika polisi kwa tuhuma zinazohusiana na dawa za kulevya, wakiwemo wasanii na watu mashuhuri. Kwa msomaji wa barua za Hong Kong tukio hili lilikuwa picha iliyopinduliwa. Barua zilikuwa na hadithi nyingi na majina machache. Orodha ilikuwa na majina mengi, hadithi hakuna. Hakuna aliyejua mtu fulani alihusishwa na mzigo gani, lini, kwa ushahidi wa nani. Umma ulijaza nafasi hizo wenyewe, kwa uhodari ambao mwandishi yeyote wa riwaya angeuonea wivu.

Mombasa ilishuhudia namna nyingine. Ndugu wawili wa familia ya Akasha, walionaswa mwaka 2014 katika mtego wa Wamarekani uliotumia watu waliojifanya wanunuzi, walipelekwa Marekani Januari 2017 na baadaye wakahukumiwa miaka 25 na 23. Mshirika wao wa zamani aligeuka shahidi wa serikali. Hapo hadithi na majina vyote vipo, tena kwa kirefu, lakini viko katika kumbukumbu za mahakama ya New York kwa Kiingereza. Msomaji wa Kisauni alipata vichwa vya habari tu.

Kinyamaseke na Bwera: lugha ya askari, lugha ya soko

Kinyamaseke ni mji mdogo kando ya barabara inayotoka Kasese kwenda Mpondwe. Mbele yake iko Bwera, kisha mto Lhubiriha, na ng'ambo ya mto ni Kasindi ya Kongo. Watu wa pande zote mbili ni ndugu: Wakonzo huku na Wanande kule, na Lhukonzo na Kinande zinasikilizana bila mkalimani. Kiswahili hapa ni lugha ya ziada, na ndiyo maana mahali hapa panaweza kumfundisha mhakiki jambo ambalo Dar es Salaam haiwezi.

Upande wa Kasindi, Beni na Butembo, Kiswahili ni lugha ya soko na ya gari la abiria. Upande wa Uganda kimebeba historia nzito zaidi. Tangu enzi za ukoloni kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na kwa watu wengi wa nchi hiyo kumbukumbu ya Kiswahili ni kumbukumbu ya amri. Chukua basi barua moja ya Hong Kong, uisome ng'ambo zote mbili. Kasindi sauti inayosikika kwanza ni ya mtu anayeandika nyumbani. Bwera, msomaji aliyekijua Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani anaweza kusikia kwanza sauti ya pili, ile ya maelezo ya polisi. Maneno ni yaleyale, lakini muungamaji wa ng'ambo moja amekwisha kuwa mchongezi wa ng'ambo nyingine, naye hajataja hata jina moja.

Uzito huo una sababu za karibu pia. Novemba 2016 mapambano ya vikosi vya serikali na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu, yaliyofikia kilele kwa kuvamiwa kwa ikulu ya Kasese, yaliua zaidi ya watu 100. Usiku wa 16 Juni 2023 wapiganaji wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Mpondwe-Lhubiriha. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Tukio la kwanza linamfundisha mtu kuogopa kutajwa. La pili linamfundisha kuogopa matokeo ya kunyamaza. Msomaji wa eneo hili anayabeba mafunzo yote mawili, na si haki kumtarajia aipokee hadithi ya mtu anayewataja wenzake kama burudani ya kijasusi au kama somo la maadili. Kwake ni suala la nani analala salama.

Hata kosa lenyewe halikai mahali pamoja. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliibatilisha sheria ya dawa za kulevya iliyokuwa ikitumika, kwa sababu ya dosari ya akidi bungeni, katika shauri lililofunguliwa na wakulima na wauzaji wa mairungi wa Wakiso. Bunge likapitisha sheria nyingine baadaye mwaka huohuo. Mmea huohuo ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria nchini Kenya, na ni haramu nchini Tanzania. Ungamo la muuzaji wa mairungi lingekuwa ungamo la nini, basi, na kwa tarehe ipi? Unga wa heroini hauna utata huo. Lakini msomaji wa mpakani, ambaye amezoea kuona bidhaa ikiwa halali asubuhi na magendo jioni kwa kuvuka daraja tu, haelekei kuliamini kwa urahisi neno "uhalifu" ambalo muungamaji analitumia kana kwamba kila mtu analielewa vilevile.

Matini zinazokuja madarasani

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kufundishwa kwa lazima shuleni. Uamuzi huo unamaanisha vitabu, na vitabu vya kufundishia lugha hupenda maandishi yenye onyo. Si vigumu kuona kwamba simulizi za wabeba dawa zitapendekezwa: ni fupi, ni za kweli, lugha yake ni nyepesi, na zinakwenda sambamba na kampeni za serikali zote za kanda. Wanaoandaa mitaala na wanaozishauri mamlaka za kudhibiti dawa za kulevya watakuwa na maamuzi ya kihariri ambayo kwa kweli ni maamuzi ya sera.

Uamuzi wa kwanza ni wa majina. Mhariri mwangalifu atayafuta, na ana sababu nzuri: waliotajwa hawajahukumiwa, na sheria ya kashfa ipo. Lakini kwa kuyafuta anaiondoa sehemu ambayo msomaji anaitumia kuupima ukweli wa barua nzima. Kinachobaki ni mtu mdogo anayejilaumu peke yake, na somo ambalo mwanafunzi wa Bwera anaweza kulipata si "usibebe" bali "anayekamatwa ni dagaa". Afadhali kuyafuta majina na kuacha alama wazi ya kwamba yamefutwa, pamoja na maelezo ya nani ameyafuta na kwa nini, kuliko kuishona barua upya ili ionekane haikuwahi kuwa na jina. Matoleo mengi ya kampeni hufanya hili la pili, na ni kosa la uhakiki kabla halijawa kosa la sera.

Uamuzi mwingine ni wa yaliyompata mwandishi baada ya kuandika. Vipeperushi vya kampeni huishia kwenye onyo. Msomaji huishia mbali zaidi: anataka kujua kama kuna mtu aliyeshtakiwa kwa sababu ya barua, kama familia ya mwandishi iliguswa, kama alipunguziwa chochote. Sheria za kuwalinda watoa taarifa zimeandikwa zaidi kwa kumfikiria mtumishi anayeona ubadhirifu ofisini kwake, na ile ya Uganda humwahidi asilimia 5 ya fedha zinazookolewa. Mtu aliyeshiriki mwenyewe katika biashara, akiwa gerezani katika nchi ya mbali na nduguze wakiishi mtaa mmoja na aliyemtuma, hafanani na mtumishi huyo. Hakuna fedha ya kuokoa, na asilimia 5 ya kete si kitu. Mwalimu wa Kinyamaseke atakayeulizwa na mwanafunzi "na huyu aliyeandika, ndugu zake wako salama?" atahitaji jibu lililochapishwa ndani ya kitabu, kwa sababu swali hilo litaulizwa kabla ya lile la msamiati, na mwanafunzi anayeliuliza huenda ana binamu Kasindi.